Mbuzi wa Kumi na Tatu

Nilirudi Butembo, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya vita, wakati kila mwenye akili alikuwa akitafuta njia ya kutoka. Lori lililonibeba kutoka mpakani Kasindi lilipishana na malori yaliyojaa magodoro na sufuria, na watu waliokaa juu ya magodoro hayo walinitazama kama mtu anayeingia katika nyumba inayoungua ili achukue kofia yake. Nilikuwa na vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni diploma ya muziki kutoka chuo kimoja cha Mombasa, niliyoifunika kwa plastiki ngumu. Cha pili ni udi. Diploma niliilipia mwenyewe kwa kubeba simenti asubuhi na kusoma mchana. Hakuna padri, hakuna mjomba, hakuna mkubwa yeyote aliyenishika mkono. Nalisema hili mapema, kwa sababu katika mambo nitakayoyasimulia kuna sehemu ambazo hazinipambi, na ningependa msomaji azifikie akiwa tayari ananiheshimu.

Udi, kwa wale wa kwetu ambao hawajauona, ni chombo chenye tumbo la mviringo kama nusu ya boga, shingo fupi, na nyuzi kumi na moja. Kumi kati ya hizo hukaa mbili mbili kama mapacha. Moja, ile nene kuliko zote, hukaa peke yake. Nyuzi nne za juu ni za nailoni. Saba za chini zina moyo wa uzi laini uliozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Leo naeleza hivyo kwa urahisi. Wakati ule nisingeweza, na hapo ndipo taabu yangu yote ilipoanzia. Chuoni, kazi ya kununua na kufunga nyuzi ilikuwa ya mzee mmoja wa stoo. Sisi wanafunzi tulipewa udi ukiwa tayari, kama mgonjwa anavyopewa uji. Nilijua kuandika noti, nilijua historia ya chombo chenyewe, nilifaulu mtihani wa mwisho mbele ya walimu watatu. Sikuwa nimewahi kuchagua uzi hata mmoja.

Nilikuwa na nyuzi za akiba katika bahasha. Kwenye kizuizi kimoja baada ya Beni, mwanajeshi aliyevaa buti mbili zisizofanana alifungua sanduku langu.

“Oyo eza nini?” aliuliza.

“Chombo cha muziki, chef.”

“Piga.”

Nilimpigia kipande kilekile kilichonipatia diploma. Alisikiliza kwa muda wa kutafuna pingili moja ya muwa, akatema makapi. “Haina hata basse,” alisema. Kisha akaiona bahasha. Akachomoa uzi mnene wa shaba, akaufunga kwenye redio yake iliyokuwa ikikoroma tangu tulipofika, na redio ikaanza kuimba rumba safi. “Antenne!” aliwaita wenzake kwa furaha, na bahasha nzima ikagawanywa kati ya redio za kizuizi kile. Diploma aliitazama mbele na nyuma, akanirudishia. Haikuwa na faida kwa redio.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Hata vita ilipofika, mji uliitazama kwanza kuona kama inauzika. Kitu usichoweza kukiuza au kukila kina maswali mengi, na udi wangu ulikuwa na maswali kuliko mimi. Watoto waliuita boga. Wakubwa waliuliza bei. Nilijipatia kazi ya kuongoza kwaya parokiani, na huko nikampata msichana aliyeimba sauti ya pili na kulalamika sauti ya kwanza. Kila wiki alikwenda Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, na nailoni ya kuvulia kutoka duka la baba yake, akaibadilisha kwa samaki, akarudi kuuza samaki Butembo. Katika miaka ile, safari hiyo ilimtaka mtu awe na moyo, miguu na mdomo. Vyote alikuwa navyo, hasa mdomo.

Tulipokubaliana, nilikwenda kwa baba yake. Alikuwa na duka la misumari, mabati, majembe na vyote vya mvuvi. Nilivaa koti. Nilimwonyesha diploma.

“Hii ni diplome ya nini?” aliuliza.

“Ya muziki, Papa.”

“Donc uliacha hapa kwenda kusoma kuimba. Mutoto wangu anaimba bure kila siku ya Mungu, na hakutoka Butembo kwenda kusoma.” Aliipima ile plastiki kwa kidole gumba. “Karatasi nguvu. Inaweza kufungia misumari bila kupasuka.”

“Papa, mimi ni mtaalamu.”

“Sawa. Siku utaleta mbuzi, utaleta na ile kintu yako. Utapiga mbele ya bazee wangu. Kama banasikiliza mpaka mwisho, hakuna mutu anasimama, binti ni wako. Kama hata mumoja anasimama, mbuzi unarudisha kwenu, na karatasi unaniachia kwa ajili ya misumari.”

Kwetu mahari ni mbuzi, na idadi ilikwisha kukubaliwa kati ya familia: kumi na wawili. Tulipanga Jumamosi ya tatu kutoka siku ile. Nilitoka nikitembea kama mtu aliyekwisha kuoa. Jumapili iliyofuata, nikiwaonyesha wanakwaya uwezo wangu, nyuzi mbili za juu zilikatika moja baada ya nyingine, na ya tatu ikaanza kufumuka shaba. Nyuzi zilikuwa zimechoka tangu Mombasa, nami sikujua hata kwamba nyuzi huchoka. Na akiba yangu ilikuwa ikisikiliza rumba kwenye kizuizi.

Baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa awe msemaji wa familia siku ya mbuzi, alikuwa akienda Kampala kununua vitambaa. Nilimwagiza nyuzi.

“Za namna gani?” aliuliza.

“Za quality ya kwanza, Baba mdogo.”

“Zinaitwa aje?”

“Mwambie muuzaji: za mtaalamu.”

Alirudi na pakiti inayong'aa, yenye picha ya mwanamume mwenye nywele ndefu. Ndani mlikuwa na nyuzi za chuma za gitaa. Ningepaswa kujua. Lakini ziling'aa, na Baba mdogo alikuwa amezibeba ndani ya soksi yake kupita vizuizi vyote, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu kwamba nyuzi zangu zinatoka nje. Nilizifunga mbele yake na mbele ya yule msichana, nikieleza kwa sauti ya darasani kwamba chuma hutoa mlio wa heshima. Nilikaza kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilipofika cha sita, tumbo la udi lilitoa sauti ya mtu anayekanyaga chupa, na daraja, kile kijiti kilichogundishwa juu ya uso ili kushika nyuzi, liling'oka lote na kunipiga kidevuni.

Msichana alicheka mpaka akakaa chini. “Professeur, ule mulio njo wa heshima?”

Baba mdogo hakucheka. Alikusanya nyuzi zake akazirudisha ndani ya soksi.

Daraja lilirudishwa na fundi wa majeneza wa mtaa wetu, kwa sababu miaka ile yeye ndiye aliyekuwa na gundi nzuri kuliko wote na hakukosa kazi ya kuizoea. Aliniambia chombo kama hiki hakiwezi kuvutwa na chuma. Aliona hivyo kwa kuutazama ubao tu, bila kusoma Mombasa. Zilibaki siku tisa.

“Kuja dukani,” msichana aliniambia. “Papa akienda misa ya asubuhi.”

“Kufanya nini?”

“Kuchagua nailoni.”

Nilimwambia, na naandika maneno yangu kama nilivyoyasema ili nipate adhabu ninayostahili, kwamba sikusoma miaka yote ile ili nije nipige udi kwa mshipi wa kuvulia samaki. Kwamba chombo hiki kilipigwa mbele ya masultani.

“Basultani bako wapi?” alijibu. “Leta sultani mumoja hapa Butembo, aje na nyuzi zake. Kama hapana, kuja kesho saa kumi na mbili.”

Nilikwenda. Rafu ya tatu, étagère kama walivyoiita wao, ilikuwa na koili za nailoni, kila moja na namba yake ya unene. Nilichukua ile iliyokaa mbele, karibu na dirisha, safi, nyeupe kama maji. Alininyang'anya.

“Hii imekula jua. Ni ya kuonyesha bateja bajinga.” Alikata kipande kifupi, akafunga fundo, akavuta polepole. Penye fundo paligeuka pakawa peupe, kisha pakakatika kama tambi. Akainama chini ya rafu, mahali penye giza na vumbi, akatoa koili yenye rangi ya chai. Akafunga fundo tena, akavuta. Fundo lilikaza, halikugeuka rangi.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona chuoni wala kwingineko. Alilowesha midomo yake, akaiweka nailoni katikati, akafumba macho, na kuanza kuipitisha polepole, urefu wa mkono baada ya urefu wa mkono, kama mtu anayekumbuka jambo. Ghafla akasimama. “Hapa imekonda.” Nilipapasa mahali pale kwa vidole vyangu vya kitaalamu. Sikuhisi kitu.

“Vidole biko na sugu,” alisema. “Mudomo hauna. Bavuvi wa Kyavinyonge banafanya hivi. Samaki mukubwa anakata pale tu penye imekonda.”

Alikataa koili tatu. Ya nne aliikubali. Alichagua namba septante, yaani sabini, kwa jozi moja, na soixante, sitini, kwa ile nyembamba zaidi, baada ya mimi kumwimbia sauti niliyoitaka na yeye kuvuta na kucharaza kipande kati ya msumari na meno yake. Mchango wangu siku ile ulikuwa mmoja, na siuachi upotee: ni mimi niliyesema kwamba nyuzi mbili za jozi zikatwe mahali pamoja kwenye koili, moja ikifuata nyingine, ili zikubaliane. Alinitazama kwa mshangao. “Tiens,” alisema. “Ulisoma kweli.”

Zilibaki nyuzi saba za shaba. Kwa hizo nilikwenda Beni, juu ya lori la vitunguu na kabichi, kwa bobineur mmoja wa mtaa wa Ruwenzori, fundi wa kusuka upya waya za mota na jenereta. Katika nchi ambayo umeme ulikuwa wa kila mtu na jenereta yake, mtu huyo alikuwa na kazi kuliko askofu. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa kelele za mashine. Nilimpa uzi wangu mkuukuu kama mfano. Aliutazama kwa miwani ya kuazima.

“Moteur yake iko wapi?”

“Haina moteur, Papa. Ni ya kupiga.”

“Inachukua volts ngapi?”

“Haichukui umeme. Inalia yenyewe.”

Alinihurumia. Hata hivyo alitaka kuona. Alivuta nyuzi nyembamba kutoka ndani ya tairi bovu, zile wanazofumia nyavu ziwani, akazikusanya sambamba zikawa moyo wa uzi wangu. Akazifunga kwenye mashine yake ya kuzungusha kwa mkono, na juu yake akalaza waya mwembamba wa shaba, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi ya kupitisha kucha. Alipomaliza uzi wa kwanza aliufunga kwenye msumari, akashika ncha nyingine kwa meno, akaucharaza. Sikio halikusikia, meno yalisikia. Akatikisa kichwa, akaufumua wote, akaanza upya. Nilikaa pale siku mbili nikitazama. Nilianza kuelewa kwamba katika nchi hii watu wote huchagua kwa mdomo, isipokuwa wenye diploma, ambao hutumia mdomo kwa kazi nyingine.

Njiani kurudi, kizuizini, yule mwanajeshi wa buti mbili alinitambua. Redio yake ilikuwa ikiimba. “Antenne oyo eza malamu mingi!” alinishukuru. Nyuzi mpya nilikuwa nimezizungusha kiunoni chini ya shati. Nilitabasamu bila kupumua.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, udi wangu ulilia kama haujawahi kulia. Nasema kweli: hata Mombasa haukulia hivyo. Nailoni ilikuwa na sauti kavu, safi. Shaba ya jenereta ilitoa mngurumo wa chini uliokaa hewani. Baba mdogo alikuja kusikiliza, akauliza nyuzi zimetoka wapi.

Hapo ningeweza kusema ukweli, wala haungenigharimu kitu. Nilimtazama mtu aliyeficha nyuzi za Kampala katika soksi, atakayesimama mbele ya wakwe kuzungumza kwa heshima ya familia, na nikaona picha ya mshipi wa samaki na tairi bovu.

“Za Misri,” nilisema. “Nilikuwa nimezificha kwa siku kubwa.”

Jumamosi tulifika na mbuzi kumi na wawili, wakilia njia nzima. Familia yao ilikaa upande mmoja wa ua, sisi upande wa pili, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katikati. Wanawake walikuwa ndani na msichana, mlango wazi. Baba mdogo alisimama. Alizungumza vizuri, na kwa bahati mbaya alizungumza kwa kirefu: akasifu binti, akasifu mbuzi, akanisifu mimi, na alipokwisha kunisifu akapanda juu zaidi. “Na nyuzi mutasikia leo, bazee, hazikutoka soko ya hapa. Zimetoka Misri! Kule kwa Farao!” Wazee walinung'unika kwa heshima. Kutoka ndani ya nyumba nilisikia mtu akikohoa kwa nguvu, kama aliyepaliwa na maji.

Nilipiga. Nilianza na wimbo wa kwaya wanaoujua wote, nikaugeuza polepole, nikaingiza mambo niliyojifunza pwani, nikarudi nyumbani. Katikati, milio mitatu ya bunduki ilisikika upande wa mlima. Hakuna aliyesimama, kwa kuwa tulikuwa tumezoea, na aliyesimama angehesabiwa amesimama kwa ajili yangu. Mzee mmoja mnene aliinua makalio. Alikivuta kiti chake mbele hatua moja, akakaa tena, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja ndani akapiga vigelegele, na ua mzima ukafuata. Wakati huo ndipo baba wa msichana aliposimama. Alikuja taratibu mpaka mbele yangu, akachuchumaa, akalowesha mdomo wa chini, akauinamia udi na kupitisha mdomo wake juu ya nyuzi za juu, kutoka kigingini hadi darajani. Watu waliacha kunywa.

“Septante,” alisema. Akapitisha tena. “Na hii ni soixante.” Akainuka akipangusa mdomo. “Bazee, Misri iko karibu kuliko batu banasema. Iko ku étagère yangu ya tatu, chini, kule kwa giza.”

Nilimtazama Baba mdogo. Baba mdogo alikuwa akiitazama kasiksi yake kana kwamba kuna nzi ndani.

“Wewe, mutu wa diplome,” baba alisema. “Ni nani alichagua hii nailoni? Kwa sababu hii ni ile yenye ninafichia bavuvi bazuri.”

“Binti yako, Papa. Mimi nilitaka ile ya dirishani.”

“Na neno la Misri?”

“Ni langu. Baba mdogo nilimdanganya.”

“Sababu gani?”

“Niliona haya.”

“Haya ya samaki, ao haya ya duka yangu?”

Nilikuwa na miaka ya masomo, nikajifanya nakaza kigingi. Mlangoni, kile kikohozi cha msichana kilichokuwa kimegeuka kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilisikia hilo kuliko kitu chochote siku ile.

Baba aligeuka kwa wazee wake. “Anapiga muzuri,” alisema. “Hakuna mutu alisimama, na neno langu ni neno. Binti ni wake.” Ua ulitaka kushangilia, aliinua mkono. “Mais mutu mwenye anakula ku duka yangu na kusema amekula kwa Farao, huyo analipa. Mbuzi kumi na mbili ni ya binti. Ya kumi na tatu ni ya Misri.”

Baba mdogo alipata sauti yake, maana hiyo ndiyo kazi ya msemaji. “Muzee wangu, na vita hii, mbuzi ya Misri tutaitoa wapi? Barrière zote njiani bataitaka!”

“Mutaileta ndani ya soksi,” alijibu baba, ambaye, kumbe, habari zote alikuwa nazo.

Hapo walicheka, wao na sisi, na mimi nikacheka kwa kuchelewa. Kisha sauti ya msichana ikatoka ndani ya nyumba, ile sauti ya pili niliyoizoea parokiani, juu ya vicheko vyote: “Papa, hapana umuache yeye kuchagua! Ataleta ya dirishani! Ile mbuzi nitachagua mimi mwenyewe.”

Siku ya soko iliyofuata tulikwenda pamoja. Niliona mbuzi mmoja mweupe, mrefu, mwenye pembe za kupendeza, nikamwonyesha kwa kidole. Hakumtazama hata mara moja. Alipita kati ya mbuzi wote, akifungua midomo yao na kutazama meno, akawakataa watatu, na wa nne, mweusi, mfupi, asiye na sura yoyote, akamkubali. Nilishika kamba.